Siku Majogoo Wangu Wawili Walipokataa Kuiva

Kuna watu wa Makongeni, Nairobi, ambao mpaka leo wakiniona kwa mbali wanaanza kutafuna mdomo mtupu, taratibu, huku wananitazama, halafu wanacheka na kuendelea na safari yao, na kwa kuwa baadhi yenu mmeshaniuliza maana yake nami nikajibu kwamba sijui, leo naona afadhali niseme mwenyewe. Najua. Nimejua miaka yote hii. Aibu yenyewe niliipika mimi, mchana kweupe, katika sufuria kubwa tuliyoazima kanisani, mbele ya watu waliokuja kumchumbia dada yangu.

Wakati huo nilikuwa karani wa reli, upande wa mizigo, na nilikaa katika zile nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili na kiwanja kidogo nyuma ambacho wenzangu walipanda sukuma wiki na mimi nikafugia kuku. Tena si kuku wa kawaida. Mwenzangu mmoja wa ofisini alikuwa na mjomba aliyewapikia Wazungu fulani huko Tigoni, na Wazungu wale walipofunga mizigo kurudi kwao waligawa vitu vyao, kuanzia viti na mapazia hadi mifugo, na mimi nikapata jogoo mmoja mkubwa na mitetea watatu wa mbegu wanayoiita Brama. Kama hujawahi kuwaona, ni kuku warefu, wazito, wenye manyoya yanayoshuka miguuni mpaka kwenye vidole, hata watu wa mtaani wakawaita kuku wa suruali. Jogoo yule nilimwita Chifu. Nilimpeleka siku moja ofisini ndani ya kikapu nikampima kwenye mizani ya vifurushi, na kuanzia hapo kila mtu aliyesimama karibu nami kwa zaidi ya dakika tano aliambiwa uzito wake, awe ameuliza au hajauliza (mke wangu anasema nilimwambia hata mtu wa kusoma mita ya maji).

Jirani yangu wa mlango wa pili, Mama Wambui, mama kutoka Nyeri, muumini wa kanisa letu, alifuga pia, lakini yeye alifuga wale weupe wa nyama. Vifaranga wake waliletwa kwa boksi, wakawashiwa jiko la makaa wasipigwe na baridi, wakala chakula cha gunia bila kuinua kichwa, na wiki ya nane wakaenda kwenye hoteli za Jogoo Road. Wangu walikuwa wanahitaji karibu mwaka mzima ndipo wajae mwili, lakini walijitafutia, walilalia mayai yao, na ugonjwa ukipita mtaani uliwaruka. Hayo ndiyo niliyokuwa nikimhubiria Mama Wambui kila wiki. Nilimwambia hao wake si kuku, ni mito ya kulalia.

"Mito yangu inalipa karo, Kioko," alinijibu siku moja huku anamwaga maji machafu karibu sana na viatu vyangu. "Suruali zako zinalipa nini?"

Sasa, dada yangu Ndunge alikuwa anakaa nasi. Alishona sare za shule katika kiwanda kimoja Industrial Area, na huko ndiko alikokutana na Gitau, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mtulivu. Walipendana kama miaka miwili kabla ya kutuambia. Shida ilikuwa upande wa baba yake Gitau, Mzee Njuguna, ambaye alisema waziwazi kwamba haelewi ni vipi mwanawe alizunguka Murang'a nzima asione msichana mpaka akafika kwa Wakamba. Hakukataa. Alisema tu kwamba atakuja aone watu wenyewe ni wa namna gani, ndipo aseme neno. Baba yetu alikuwa ameshafariki, na mama, ambaye alikuwa kwetu Kangundo na miguu imemchoka, akasema wageni wafike kwangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Kwa hiyo mtu wa kuonwa ni wa namna gani nilikuwa mimi.

Jambo lote lilianzia mferejini tunapochotea maji, siku ya Alhamisi, asubuhi, kukiwa na akina mama kama sita wanapanga ndoo. Nilikuwa nimejipitia zangu kwenda kazini. Mama Wambui akaniita kwa wema kabisa.

"Wageni wa Ndunge ni wangapi?"

"Pamoja na sisi, watu ishirini na wawili."

"Nina kuku wamefika. Nikuwekee wanane?"

Mtu mwenye akili zake angesema asante. Mimi nilisimama, nikaweka mkoba chini, nikamwambia: "Mama Wambui, wangu wawili watatosha."

Mama mmoja alisahau kufunga mfereji, maji yakawa yanamwagika juu ya ndoo.

"Wawili," akasema Mama Wambui.

"Wawili. Na kama kuna mabaki, tutakuletea."

Nikachukua mkoba wangu nikaenda kazini nikiwa nimeridhika sana. Ningeweza kurudi jioni nikasema nilikuwa natania. Lakini habari za mferejini hufika kabla ya mtu mwenyewe, na niliporudi mke wangu alikuwa ameshajua, Ndunge ameshajua, na hata mlinzi wa geti la reli aliniuliza kama ni kweli kuku wangu mmoja anashibisha watu kumi na mmoja.

Ndunge hakugombana nami. Si mtu wa kugombana. Alinifuata kiwanjani nikiwa nawatazama kuku akasema, "Kaka, kama ni lazima wawe wako, basi chinja wale vijana wa miezi saba. Wako sita. Nyama yao bado ni laini. Chifu ni mzee."

Ni kweli nilikuwa na majogoo vijana sita, wazuri, na ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeshawaahidi watu wa ofisini kuwagawia kwa mbegu. Lakini sababu hasa si hiyo. Sababu ni kwamba vijana wale walikuwa bado wembamba, na mimi nilitaka mgeni aone paja linalojaza sahani. Nikamwambia Ndunge kwamba nitamchinja Chifu na mwanawe wa kwanza, yule tuliyemwita Naibu, ambaye naye alikuwa ameingia mwaka wa tatu. Chifu alikuja kwangu akiwa mtu mzima na nilikuwa nimekaa naye miaka mitatu, kwa hiyo umri wake halisi sikuujua, wala sikutaka kuupigia hesabu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikawachinja wote wawili. Nisingependa kulizungumzia sana hilo, maana Chifu nilikuwa nimemzoea. Tukachemsha maji, tukaanza kunyonyoa. Manyoya hayakuisha. Yalijaza beseni moja, yakajaza la pili, yakaanza kupeperuka hadi kwa majirani, na kadiri yalivyotoka ndivyo kuku alivyozidi kupungua. Yule jitu aliyekuwa akitembea kiwanjani kama mkaguzi wa reli alipobaki mtupu alikuwa na shingo, mifupa mirefu, kifua chenye ncha kama mtumbwi uliopinduliwa, na mapaja mekundu yaliyokaza. Hakuwa mdogo, nisimsingizie. Lakini hakuwa watu kumi na mmoja.

Mke wangu, Mama Mueni, alimzungusha kwenye meza mara mbili kama anayetafuta sehemu iliyobaki. "Ndiye huyu?" akaniuliza.

"Ndiye."

Saa nne ilikuwa imepita. Kuchinja na kunyonyoa wengine kwa mwendo ule kungetufikisha jioni, na wageni walikuwa wamesema saa saba. Mama Mueni alifuta mikono akavuka kwa Mama Wambui bila kuniuliza, na mimi nikajifanya nafagia. Alirudi na kuku wanne weupe, waliokwisha kunyonyolewa, safi, wamekunjwa miguu vizuri. Walikuwa wa kupelekwa hotelini siku hiyo hiyo.

"Amesema hawa ni wa Ndunge," mke wangu akaniambia. "Amesema si wako, ni wa Ndunge. Na amesema anakuja kusaidia kupika."

Mtu angedhani hapo nimeponea, na kweli ningeponea, kama ningeacha mambo yaende yenyewe. Tungepika wa Mama Wambui kwa ajili ya wageni, na wale wangu tukawaweka kwenye jiko la pili wakachemka mpaka jioni, tukala wenyewe siku ya pili. Lakini mimi nilikuwa nawaza akina mama wa mferejini, ambao nusu yao walikuwa wamealikwa. Nikawaza watakavyoona vipaja vidogo vyeupe kwenye sahani. Nikasema wote wakatwe vipande vya saizi moja, wachanganywe, wapikwe katika sufuria moja, na mchuzi uwe mzito wa nyanya na bizari ili mtu asijue kipande gani kimetoka kwa nani.

Mama Mueni aliweka kisu chini. "Hawa hawapikiki pamoja, Baba Mueni."

"Kuku ni kuku," nikamwambia.

Ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo. Mtu aliyekuwa ameuchosha mtaa mzima kwa miaka mitatu akieleza kwamba kuku si kuku.

Wageni walifika saa saba kamili, jambo ambalo sikulitegemea. Walikuwa tisa. Mbele alitangulia Mzee Njuguna, mrefu, mkavu, amevaa koti zito la kahawia juani, na nyuma yake mkewe, Mama Gitau, mwenye gauni la rangi ya maziwa lililopigwa pasi mpaka likasimama. Tukasalimiana, tukakaa, wakapewa chai, mzee wa kanisa letu akaomba. Mzee Njuguna alitazama kuta, akatazama kalenda, akanitazama mimi. Gitau na Ndunge walikaa pande mbili za chumba kama watu wasiojuana.

Halafu mke wangu akaniita jikoni kwa sauti ya upole mno, na nikajua kuna tatizo.

Alifunua sufuria. Kuku wa Mama Wambui walikuwa wameiva zamani, wakapitiliza, wakaachana na mifupa, wakageuka kitu kama uji wa nyama unaozunguka juu. Katikati ya uji ule vilisimama vipande vya Chifu na Naibu, vizima, vimekaza, vinang'aa. Nikachukua uma nikakichoma kimoja. Uma uliingia kidogo, ukasimama. Nilipouvuta, kipande kilikuja nao.

"Ongeza moto," nikasema.

"Nikiongeza moto hawa wengine wataisha kabisa," akasema Mama Mueni.

Mama Wambui alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

Nikaona la kufanya ni kununua muda. Nikarudi chumbani nikawaambia wageni kwamba, kabla chakula hakijawa tayari, ningependa wakaione mifugo yangu. Wakatoka wote, wakasimama kiwanjani wamepanga mstari, na mimi nikaanza kueleza. Nilieleza mitetea, nikaeleza majogoo vijana, nikaeleza suruali, nikaeleza kwa nini kuku wa namna hii ni bora kuliko wale weupe wanaoshindiliwa chakula mpaka miguu inashindwa kuwabeba. Nadhani niliongea nusu saa. Mzee Njuguna alisikiliza yote. Alichuchumaa karibu na banda, akamtazama jogoo kijana mmoja kwa makini, akamgeuza bawa kwa vidole viwili kama mtu anayefungua kitabu.

"Na hii tutakula leo," akauliza, "ni ya miezi ngapi?"

Sasa, nyinyi mnaonijua mnajua mimi si mwongo wa kawaida. Lakini nilikuwa nimeshawasema vibaya wale wa wiki nane, na Mama Wambui alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza, na nikaona nikisema miaka mitatu itakuwa kama nimewaita watu hawa waje kutafuna viatu.

"Miezi mitatu tu, mzee," nikasema.

"Mitatu."

"Mitatu. Ni lishe."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka, na wakati anapita karibu na mlango wa jikoni aliona beseni la manyoya, na juu ya manyoya miguu minne niliyokuwa nimeikata nikaiacha hapo. Akaokota mguu mmoja, akaupitisha kidole gumba kwenye ule mwiba unaoota nyuma ya mguu wa jogoo. Ulikuwa mrefu kama kidole chenyewe, umepinda. Akaurudisha polepole juu ya manyoya, akajifuta kwa kitambaa, akaingia ndani. Mimi nikadhani ameshangazwa na ukubwa.

Saa nane na zaidi hatukuwa na la kungoja tena. Mke wangu akapakua. Na hapa kuna kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo: mgeni hupewa kipande kizima, na vipande vizima vilivyokuwa vimebaki kwenye sufuria vilikuwa vya Chifu na Naibu peke yao. Wa Mama Wambui walikuwa wamekuwa mchuzi. Kwa hiyo wageni wote tisa, pamoja na mzee wa kanisa aliyeomba, walipata majogoo wangu, na sisi wenyeji tukapata wali uliomwagiwa ule uji, ambao kusema kweli ulikuwa mtamu sana.

Wakaanza kula. Kwa muda hakuna aliyesema neno, na mara ya kwanza nilidhani ni heshima. Kisha nikaona kwamba hawasemi kwa sababu hawawezi, midomo ina kazi. Mzee wa kanisa alitafuna huku amefumba macho. Mama mmoja wa mferejini, ambaye kwa makosa alipewa kipande, alikitoa mdomoni akakiangalia, akakirudisha. Gitau, maskini, alitaka kuonyesha kwamba chakula cha kwa mchumba wake kimempendeza, akachukua kisu akaegemea paja la Chifu kwa nguvu zote za mtu anayeshinda na vyuma. Kisu kikateleza. Paja likaruka kutoka kwenye sahani, likagonga chupa ya soda, likatua mapajani mwa mama yake, juu ya lile gauni la rangi ya maziwa, na mchuzi wa bizari ukalifuata.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Mama Gitau aliliinua paja kwa vidole viwili akaliweka juu ya meza, nalo likatoa mlio, ko, kama kitu cha mbao.

Mzee Njuguna akaweka uma wake chini.

"Hii sufuria iko na kuku mbili," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayesoma orodha. "Moja ni mtoto. Ingine ni babu yake."

Akaonyesha mchuzi kwa kidole.

"Hii ya mtoto ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee," akajibu Mama Wambui kutoka mlangoni. "Nilimpa Ndunge."

"Na huyu babu nimeona mguu wake huko nje. Mwiba kama huo hauoti kwa miezi mitatu. Hiyo ni miaka mitano, pengine sita." Akanigeukia. "Mimi nimechunga kuku ya aina hii Tigoni miaka kumi na nane. Nilikuwa mtu wa kuku. Hii suruali ya miguu, ni mimi nilikuwa naiosha wakati wa maonyesho."

Sikumbuki niliangalia wapi. Nadhani niliangalia kalenda. Kumbe kwa nusu saa nzima nilikuwa nimemfundisha mtu kazi aliyoifanya miaka kumi na nane, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kuku si kitu," akaendelea Mzee Njuguna. "Lakini mimi nimekuja hapa kuangalia watu. Kama mtu ananidanganya kuhusu kuku, siku ya jambo kubwa ataniambia nini?"

Mke wake alimgusa mkono. Gitau alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona kwamba jambo hili limetoka kwenye chakula sasa, limeingia mahali pengine, na kwamba dada yangu, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kuzaliwa nyuma yangu, anaweza kurudi kiwandani Jumatatu akiwa hana mchumba kwa sababu ya sentensi moja ya mferejini.

Ndunge ndiye aliyesimama.

"Mzee," akasema, "kaka nilimwambia achinje wale vijana, akakataa. Lakini aliposema miezi mitatu mimi nilikuwa hapo na nilijua si kweli, nikanyamaza. Kwa hivyo tumewadanganya sisi wawili. Mimi naomba msamaha kwa upande wangu. Yeye ataomba kwa upande wake." Kisha akaketi, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Gitau usoni.

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama nikaomba msamaha. Nilieleza yote, mfereji, wawili watatosha, manyoya, sufuria moja, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa upuuzi, na nilipofika kwenye "kuku ni kuku" nikamsikia Mama Wambui akikohoa kwa namna ambayo si kikohozi. Mama Gitau naye akaziba mdomo kwa leso. Bega lake likawa linatikisika.

Mzee Njuguna akainuka, akavua lile koti la kahawia, akamkabidhi mwanawe, akakunja mikono ya shati.

"Kusanyeni hizo vipande," akasema. "Zote. Hata hiyo imeruka."

Akaingia jikoni kwangu. Nilimfuata, akaniambia nilete vitunguu na jiwe. Vitunguu nilivielewa. Jiwe alilipangusa akaliweka juu ya kifuniko ili mvuke usitoroke, akapunguza makaa mpaka yakabaki machache, akakaa kwenye kigoda mkabala na Mama Wambui, na wageni waliobaki chumbani wakapewa chapati na ule mchuzi wa kuku walioyeyuka, ambao walirudia mara mbili. Kwa zaidi ya saa mbili majogoo wangu walichemka polepole, na mzee na Mama Wambui wakabishana juu ya kuku kama vile mimi sipo.

"Wangu ni wiki nane," Mama Wambui alisema. "Wiki nane nimemaliza, nimefagia banda, nimeleta wengine."

"Na chakula cha gunia ikichelewa siku mbili?"

"Wanakufa."

"Na hawa?"

"Hawa wanakuja kula sukuma wiki yangu."

"Unaona," akasema mzee.

"Naona sukuma wiki yangu imeisha," akasema Mama Wambui, na hapo Mzee Njuguna akacheka, kicheko kifupi kikavu, na kutoka chumbani mkewe akauliza kwa Kikuyu kama kuna kilichotokea.

Walipoiva, saa kumi na moja hivi, jua likiwa bado lipo, tuliwala kiwanjani tukiwa tumesimama, kwa mikono. Sitasema walikuwa watamu ili nijipendelee. Nitasema tu kwamba Mzee Njuguna alikula vipande vitatu, akanyonya mifupa, akafunga macho kidogo kama mtu aliyekumbuka mahali. Kabla ya kuondoka akaniita pembeni.

"Mbegu yako ni nzuri," akaniambia. "Banda ni safi. Shida iko kwa mdomo." Halafu akaniambia kwamba mwezi unaofuata, kama mama yetu yuko tayari, wangependa kwenda Kangundo.

Walikwenda. Mama yetu aliwapikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, pamoja na mbuzi, na mimi niliambiwa nikae na wageni nisiingie jikoni. Ndunge na Gitau walifunga ndoa mwaka uliofuata, na katika kamati ya harusi kazi ya chakula alipewa Mama Wambui, ambaye alitoa kuku wake hamsini, wakaiva wote kwa wakati mmoja, wakaliwa wote, na hakuna aliyeuliza umri wao.

Tangu siku ile nimejiwekea amri, na naishika. Simwambii mtu chakula changu kitatosha wangapi mpaka watu wameshakula wakaondoka. Mgeni akiniuliza umri wa kitu kilicho kwenye sahani namwambia ukweli, hata kama ataacha kula. Na siingizi kuku wawili wa namna mbili katika sufuria moja, hata mke wangu akiwa amesafiri na hakuna wa kuniona. Mimi, katika harusi ile ya dada yangu wa pekee, nilipewa kazi ya viti. Vilikuwa mia mbili, nilivipanga mwenyewe tangu asubuhi, na kila aliyenikuta hapo akaniuliza vitatosha watu wangapi, nilimwambia akamuulize mwenyekiti.